Waliokufa Baada ya Upepo Kutulia

Kwa miezi mingi serikali ya Puerto Rico, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani, ilishikilia kwamba kimbunga Maria kiliua watu 64. Kilitua karibu na mji wa Yabucoa, kusini-mashariki mwa kisiwa, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 2017, upepo wake ukienda kasi ya kilomita 250 kwa saa. Kikakikata kisiwa kwa mshazari, kikatokea upande wa pili na kurudi baharini. Nyuma yake kikaacha watu zaidi ya milioni 3 kwenye giza, nguzo za umeme zimelala barabarani, madaraja yamesombwa, vilima vimeporomoka juu ya njia. Na waliokufa, wakasema, ni 64.

Tarehe 28 Agosti 2018 idadi hiyo ilibadilika kwa siku moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, ambao serikali yenyewe iliwapa kazi hiyo, walileta matokeo yao, na gavana Ricardo Rosselló akakubali idadi mpya: 2,975.

Toa 64 kwenye 2,975, unabaki na watu 2,911. Hawakufa siku ripoti ilipotolewa. Walikuwa wameshakufa, wameshazikwa, na nguo zao zimeshagawiwa, huku dunia ikiambiwa kwamba msiba ulikuwa mdogo kuliko ulivyohofiwa. Ni hao ninaotaka kuwaandikia, pamoja na wenzao wa visiwa vingine. Kadiri ninavyofuatilia vimbunga vinavyopiga visiwa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya maafa hutokea kamera zikiwa zimeshaondoka, na kwamba idadi ya waliokufa huamuliwa na wale wenye mamlaka ya kusema nani ahesabiwe na kuhesabu kukome lini.

Nianze na upepo wenyewe, maana si wa kupuuzwa. Kimbunga cha aina hii huzaliwa juu ya bahari yenye joto la kuanzia nyuzi 26 au 27 hivi. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu na kuachia joto lake huko juu, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi iliyoachwa. Mzunguko wa dunia huifanya hewa hiyo izunguke. Bahari ikizidi kupata joto, kimbunga hupata cha kula, na kinaweza kukua kwa haraka ya kutisha. Maria kilipanda kutoka daraja la kwanza hadi la tano, ambalo ni la mwisho, kwa muda wa siku moja hivi. Kwa watu wa Dominica, waliokuwa mbele kabisa kwenye njia yake, siku moja inatosha kupigilia mbao madirishani na kujaza ndoo maji, basi. Tena upepo una tabia ambayo wengi hawaijui: ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake ukutani huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba iliyostahimili dhoruba kumi inaweza kung'oka kwa dhoruba ya kumi na moja, na mwenye nyumba asiamini macho yake.

Bara, kimbunga kikikaribia, watu hupakia magari na kuelekea ndani ya nchi. Foleni huwa ndefu, petroli huisha, lakini njia ipo. Kisiwani njia hiyo haipo. Ndege husimamishwa, vivuko hufungwa, na kinachobaki ni kuchagua ukuta wa kujibanza nyuma yake. Baadaye, upepo ukishapita, tofauti huwa kubwa zaidi. Bara kuna wilaya ya jirani ambayo haikuguswa, na malori ya maji na mafundi wa umeme huanza safari usiku huohuo. Kisiwa kidogo kina bandari moja ya maana, uwanja mmoja wa ndege, hospitali moja kubwa na kituo kimoja au viwili vya kufua umeme, na vyote hupigwa saa moja. Hakuna jirani aliyesalimika. Msaada wote lazima uvuke maji, na mahali pa kuushushia pamebomoka.

Hapo ndipo kifo cha pili huanza, kile kisichoonekana kwenye picha za satelaiti.

Fikiria mgonjwa wa figo. Anahitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Mashine inataka umeme na inataka maji safi mengi sana. Akikosa wiki moja, sumu na maji hujaa mwilini, na moyo unaweza kusimama. Vieques ni kisiwa kidogo kilicho mashariki mwa Puerto Rico, kisiwa cha kisiwa, na kituo chake cha afya kiliharibiwa na Maria. Wagonjwa wa figo wa Vieques wakawa wanapandishwa ndege kuvuka hadi kisiwa kikubwa kutibiwa, kisha kurudishwa jioni wakiwa hoi, wapumzike siku moja, waanze tena. Hali hiyo haikuisha mwezi wa kwanza wala wa sita. Iliendelea kwa miaka. Siwezi kusoma habari za wagonjwa hao bila hasira, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameokoka kimbunga.

Kisha kuna mwenye kisukari, ambaye insulini yake huharibika friji ikizimika. Kuna mzee anayepumua kwa mashine ya oksijeni, ambayo bila umeme ni sanduku la plastiki. Kuna bibi wa ghorofa ya nane ambaye lifti haifanyi kazi na hakuna wa kumpandishia maji. Kuna aliyepata kiharusi saa tisa usiku na simu haipati mtandao. Siku iliyofuata kimbunga, asilimia 95 ya minara ya simu ya Puerto Rico ilikuwa kimya. Kuna waliokunywa maji ya mto kwa kukosa mengine, na homa ya mgunda ikazuka, ule ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine ndani ya maji na matope. Kuna jenereta zilizowashwa ndani ya nyumba, moshi ukaua familia usingizini. Na kuna waliojiua. Hawa nao hutajwa kwa haraka sana.

Watafiti wa Harvard walizungukia kaya 3,299 zilizochaguliwa bila upendeleo mapema mwaka 2018, wakauliza maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwa anaishi hapa, nani amekufa, amekufaje, mlikaa siku ngapi bila umeme. Kuanzia siku ya kimbunga hadi mwisho wa Desemba 2017, kwa wastani kaya zilikaa siku 84 bila umeme, siku 68 bila maji, siku 41 bila mtandao wa simu. Karibu theluthi moja ya vifo walivyosimuliwa vilitokana na matibabu kuchelewa au kukatika. Umeme wenyewe ulichukua miezi 11 hivi kuwafikia wateja wa mwisho, na hakuna mahali pengine katika historia ya Marekani ambapo giza lilidumu hivyo.

Huku watu wakikosa maji, bandari ya San Juan ilikuwa imejaa kontena. Bidhaa zilikuwepo. Zilikaa pale kwa maelfu kwa sababu dizeli ilikuwa haba, madereva hawakupatikana kwa simu na barabara zilikuwa zimekatika. Juu ya hilo kulikuwa na sheria ya mwaka 1920, inayotaka mizigo inayosafirishwa baina ya bandari za Marekani ibebwe na meli zilizojengwa Marekani na kumilikiwa na Wamarekani. Puerto Rico ni eneo la Marekani, kwa hiyo inabanwa na sheria hiyo kila siku ya mwaka, na vitu vyake hufika kwa gharama kubwa hata pasipo dhoruba. Wiki moja baada ya kimbunga sheria ilisimamishwa. Kwa siku 10. Kisha ikarudi.

Sasa, idadi ya 64 ilipatikanaje? Hakukuwa na mkutano wa siri wa kuficha maiti, kwa kadiri ninavyoelewa. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu unaweza kuficha watu wengi kuliko njama. Ili kifo kihesabiwe kuwa cha kimbunga, kilipaswa kuthibitishwa na taasisi ya serikali ya uchunguzi wa maiti. Ama mwili ulipelekwa San Juan, ama mchunguzi alisafiri hadi kwenye mji husika. Hebu waza jambo hilo kwenye kijiji cha milimani ambacho daraja lake limesombwa, mochwari haina umeme na familia imekaa na mwili kwenye joto. Watazika. Daktari anayejaza cheti cha kifo naye ataandika anachokiona: moyo ulisimama, mapafu yalijaa, sukari ilipanda. Ni kweli moyo ulisimama. Lakini cheti hakitasema kwamba mgonjwa alikaa siku kumi na mbili bila dawa. Watafiti wa George Washington waligundua kwamba madaktari wengi hawakuwa wamefundishwa kabisa jinsi ya kuandika vyeti vya vifo wakati wa maafa.

Ndiyo maana walitumia njia nyingine. Walichukua vifo vyote vilivyosajiliwa kuanzia Septemba 2017 hadi Februari 2018, wakavilinganisha na vifo ambavyo vingetarajiwa miezi hiyo kwa kuangalia miaka iliyotangulia, wakizingatia pia kwamba watu wengi walikuwa wamehama kisiwa. Vilivyozidi ni 2,975. Njia hii haikuambii jina la aliyekufa kwa sababu ya kimbunga, lakini inakuonyesha shimo lililochimbwa ndani ya jamii. Shimo hilo halikuwa sawa kila mahali: katika manispaa maskini zaidi hatari ya kufa ilikuwa kubwa kwa asilimia 45 kuliko ingekuwa bila kimbunga, na kwa wanaume wa miaka 65 na kuendelea hatari iliendelea kuwa juu hadi uchunguzi ulipofikia mwisho wake. Februari, watu walikuwa bado wanakufa kwa kimbunga cha Septemba.

Makadirio ya Harvard yalikuwa makubwa zaidi, 4,645, ila yakiwa na upana mkubwa sana, kati ya 793 na 8,498. Wapo waliotumia upana huo kuudharau utafiti mzima. Mimi nauheshimu kwa sababu hiyohiyo. Idadi inayokiri upana wake inamheshimu marehemu kuliko 64 iliyosimama imara kama ukweli ilhali imejengwa juu ya barabara zilizokatika.

Idadi ndogo ina kazi yake. Rais Donald Trump alipofika Puerto Rico tarehe 3 Oktoba 2017, waliothibitishwa walikuwa 16. Alilinganisha idadi hiyo na maelfu aliyosema walikufa kwa kimbunga Katrina cha mwaka 2005, akawaambia viongozi wa kisiwa kwamba wanaweza kujivunia. Siku hiyo, kwenye milima ya katikati ya kisiwa, kulikuwa na vijiji ambavyo havijafikiwa na mtu yeyote. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: idadi inayotangazwa wiki ya kwanza huamua meli ngapi zitatumwa, fedha kiasi gani zitapitishwa, na waandishi wangapi watabaki. Ikitangazwa ndogo, msaada huwa mdogo, na msaada ukiwa mdogo wanakufa watu ambao nao hawatahesabiwa.

Waliokataa kunyamaza walikuwa wengi, na wanastahili kutajwa. Waandishi wa habari walipiga simu kwenye nyumba za mazishi moja baada ya nyingine wakiuliza: mmezika wangapi mnaoamini wameuawa na hali hii? Kituo cha Uandishi wa Habari za Uchunguzi cha San Juan kiliishtaki serikali ili itoe takwimu za vifo, na katikati ya mwaka 2018 mahakama iliamuru zitolewe. Na mapema Juni mwaka huo, baada ya utafiti wa Harvard kutoka, watu walianza kuleta viatu mbele ya jengo la bunge la San Juan. Viatu vya marehemu wao. Ndara, buti za kazi, viatu vya kanisani, vya watoto. Ndani ya vingine waliweka karatasi yenye jina na umri. Mamia ya jozi, kisha maelfu, zikapangwa kwenye sakafu ya marumaru. Wananchi walifanya wenyewe hesabu ambayo ofisi iliwakatalia.

Kuna visiwa ambavyo idadi yake ndogo ni ya kweli, na bado inadanganya. Barbuda ni kimoja. Kimbunga Irma kilikipiga usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017, kikiwa daraja la tano, na karibu kila jengo likaharibiwa. Alikufa mtoto mmoja mdogo sana, na wengine wote, watu kama 1,800, waliokoka. Kwa kuwa kimbunga kingine, Jose, kilikuwa nyuma kinakuja, wote walihamishiwa Antigua, kisiwa jirani ambacho ni nchi moja na Barbuda. Kwa mara ya kwanza katika miaka kama 300, Barbuda haikuwa na mtu.

Kwa kipimo cha maiti, Barbuda ilinusurika. Lakini Wabarbuda ni wajukuu wa watumwa, na tangu utumwa ukomeshwe mwaka 1834 walikuwa wameishi kwa kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyenunua; ukihitaji kiwanja cha kujenga au shamba la kulima, unapata kwa kuwa wewe ni wa pale. Mwaka 2007 sheria iliuthibitisha utaratibu huo. Wakiwa bado kwenye makazi ya muda huko Antigua, tingatinga zilianza kufyeka msitu ili kujenga uwanja mpya wa ndege, na muda mfupi baadaye serikali ikabadilisha sheria ya ardhi ili viwanja viweze kumilikiwa na mtu binafsi. Serikali ilisema kisiwa kinahitaji uwekezaji. Huenda kinahitaji. Lakini mambo hayo hujadiliwa na wenye ardhi wakiwa wamesimama juu ya ardhi yao, na hawa walikuwa wamelala kwenye vitanda vya kukunja kisiwa cha pili. Kesi kuhusu uwanja huo ilipanda hadi mahakama ya mwisho ya rufaa ya nchi hiyo, iliyoko London, ambayo mwaka 2024 iliamua kwamba wakazi waliolalamika walikuwa na haki ya kusikilizwa. Miaka zaidi ya sita baada ya upepo. Hakuna safu ya takwimu za maafa inayoonyesha jamii iliyokuta sheria ya ardhi yake imebadilishwa ilipokuwa ukimbizini.

Dominica nitapita haraka, ingawa haistahili kupitwa haraka. Maria kiliingia usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, na waziri mkuu Roosevelt Skerrit mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba paa la nyumba yake limeng'oka na maji yanaingia. Zaidi ya asilimia 90 ya mapaa ya nchi yaliharibiwa. Waliokufa au kupotea moja kwa moja walikuwa 65, katika nchi ya watu kama 72,000. Hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka mzima, yaani kila kitu ambacho nchi nzima huzalisha kwa zaidi ya miaka miwili kilipotea kwa usiku mmoja. Na miaka miwili kabla, Agosti 2015, dhoruba Erika ilikuwa imeshakipiga kisiwa hichohicho. Walikuwa hawajamaliza kujenga.

Nije kwa wasio na karatasi, kwa sababu ndio wanaoninyima usingizi.

Marsh Harbour ni mji mkubwa wa visiwa vya Abaco, kaskazini mwa Bahama. Pembeni mwake kulikuwa na mitaa ya mabanda ya mbao iliyoitwa The Mudd na Pigeon Peas, wakiishi humo maelfu ya Wahaiti na watoto wao. Hao ndio waliokuwa wakijenga nyumba za wenye nazo, wakipalilia bustani za mahoteli, wakifua na kupika. Wengi hawakuwa na vibali. Wengine walizaliwa hapohapo na bado hawakuwa raia. Tarehe 1 Septemba 2019 kimbunga Dorian kilitua na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Visiwa vya Bahama ni tambarare, na bahari ilipanda kwa zaidi ya mita 6 sehemu nyingine. Kisha kikasogea hadi Grand Bahama na kikakwama juu yake kwa zaidi ya siku nzima, karibu bila kusogea. The Mudd ilibaki rundo la mbao.

Idadi rasmi ya waliokufa katika Bahama ilifikia zaidi ya 70. Siku kumi baada ya kimbunga, majina kama 2,500 yalikuwa kwenye orodha ya wasiojulikana walipo. Orodha ilipunguzwa watu walipopatikana kwenye makazi ya muda, hadi ikabaki 282. Sasa jiulize nani angekwenda kuandikisha jina la ndugu yake aliyepotea ikiwa yeye mwenyewe hana kibali, na kuandikisha ni kusimama mbele ya ofisa wa serikali na kutaja unapolala. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: Oktoba mwaka huohuo Bahama ilikuwa imeanza tena kuwarudisha Wahaiti kwao, na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaomba jambo hilo lisitishwe. Mahali pa The Mudd palizungushiwa uzio na kusawazishwa. Miili mingi iliyopatikana haikutambuliwa na mtu. Ilikaa ndani ya kontena la friji hadi mwaka 2020 ilipozikwa bila majina.

Hofu hiyohiyo tuliiona Mayotte. Kimbunga Chido kilikivuka kisiwa hicho tarehe 14 Desemba 2024, upepo wake ukivuma kwa zaidi ya kilomita 220 kwa saa, na wataalamu wa hali ya hewa wa Ufaransa wakasema hakijawahi kuonekana kikali hivyo kwa miaka 90 angalau. Mayotte ni sehemu ya Ufaransa, na sehemu maskini kuliko zote. Karibu nyumba nne kati ya kila kumi ni vibanda vya mabati, vilivyopandana kwenye miteremko kama ya Kawéni karibu na Mamoudzou, na wengi wa wanaoishi humo walivuka kutoka visiwa vingine vya Komoro kwa mashua ndogo. Kabla ya kimbunga walitangaziwa waende kwenye majengo imara. Wengi hawakwenda. Walidhani ni mtego wa kuwakamata.

Kesho yake mkuu wa serikali kisiwani, aliyeteuliwa na Paris, alisema waliokufa bila shaka ni mamia, labda hata maelfu. Idadi rasmi baadaye ilikuwa kama 40. Sisemi kwamba maelfu walikufa. Ninachosema ni kwamba mwanya kati ya "maelfu" na 40 hauwezi kuzibwa na yeyote, kwa sababu hakuna aliyejua kabla ya kimbunga ni watu wangapi waliishi kwenye miteremko ile. Waislamu huzika mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Familia isiyo na vibali, iliyopoteza mtoto chini ya mabati, ingemzika bila kwenda ofisini kuandikisha, na nani angeilaumu? Ili serikali iweze kuwahesabu wafu wake, walio hai lazima wawe wanaweza kujitokeza mbele yake bila kutetemeka. Ufaransa haikuwa imejenga imani hiyo, wala Bahama.

Chido kiliendelea hadi Msumbiji, kikapiga Cabo Delgado siku iliyofuata na kuua zaidi ya watu 100. Habari zake zilikuwa fupi.

Nikirudi Karibiani: tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilitua kusini-magharibi mwa Jamaica, kikiwa na upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Mji wa Black River ulivunjwavunjwa, hospitali yake ikiwemo. Picha zilizunguka dunia kwa siku chache. Katika wiki zilizofuata, wizara ya afya ya Jamaica ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda, na watu wakafa. Hawa walikuwa wameshaokoka. Walitoka kwenye vifusi wakaanza kuzoa matope ndani ya nyumba zao, pengine na mchubuko mguuni, na ugonjwa ukaingilia hapo.

Kwa hiyo ninapoona idadi ya vifo vya Jamaica imetajwa kwenye habari, natafuta imehesabiwa hadi tarehe gani, na natafuta kama wagonjwa hao wamo. Ningependa kuona ofisi ya usajili ya kila kisiwa kilichopigwa ikichapisha vifo vyote vya kila mwezi, kwa wilaya na kwa umri, kwa mwaka mzima baada ya kimbunga, vikiwa kando ya vifo vya miaka mitano iliyotangulia. Ningependa daktari anayejaza cheti cha kifo mwezi wa nne aulizwe na fomu yenyewe ikiwa marehemu alikuwa na umeme, maji, dawa na njia ya kufika hospitali. Ningependa msamaria wa kanisa au msikiti aruhusiwe kupeleka majina ya waliozikwa bila kutaja ndugu zao wanaishi wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Takwimu za aina hiyo tayari zipo kwenye rejesta. Puerto Rico zilikuwepo muda wote, na zilihitaji jaji ili zitolewe.